Bwawa la Samaki Nyuma ya Nyumba: Ujichimbie au Umlipe Fundi?

Wateja wanaotaka kufuga samaki nyumbani hutuuliza swali moja kwa njia nyingi: "Nimeweka akiba kidogo. Nichimbe bwawa mwenyewe na vijana wangu, au nimtumie fundi pesa afanye kila kitu?" Mara nyingi anayeuliza ameshapata ushauri wa pande mbili. Jirani amemwambia kuchimba shimo hakuhitaji shule. Shemeji naye amemwambia asithubutu kugusa jembe, atafute mtaalamu, asije akazika akiba yake ardhini.

Sisi tunaona wote wawili wamekosea mahali pamoja. Wanalichukulia bwawa kama kazi moja, ilhali ni kazi tano au sita zilizofuatana. Baadhi yake ukikosea unaona kosa papo hapo na unalirekebisha kwa jembe lile lile. Nyingine ukikosea hutajua mpaka maji yameingia na vifaranga vya samaki vimo ndani. Maoni yetu ni haya: kazi za aina ya kwanza fanya mwenyewe, za aina ya pili mlipe anayezijua, na umlipe kwa hatua kadiri bwawa linavyojithibitisha. Hebu tueleze kwa hesabu.

Kwanza hesabu samaki

Tuchukue bwawa la mita 10 kwa 6, lenye kina cha mita 1, kuta zake zikiwa zimelala ili udongo usiporomoke. Hilo ni bwawa linaloweza kuenea nyuma ya nyumba nyingi za mashambani.

Kwa tilapia, kipimo ambacho wafugaji wadogo hapa Kenya hutumia sana ni samaki 3 kwa kila mita ya mraba. Bwawa letu lina mita 60 za mraba, kwa hivyo litabeba samaki 180. Tuseme wote wamefika robo kilo baada ya miezi sita hadi minane. Hizo ni kilo 45. Tuseme tena umeuza kwa shilingi 450 kwa kilo. Umepata shilingi 20,250, na bado hujatoa gharama ya chakula, wala samaki waliokufa, wala wale waliobebwa na korongo asubuhi wakati wewe bado umelala.

Hatusemi haya ili kukuvunja moyo. Kitoweo cha nyumbani ni kitu kizuri, na pesa ya daftari za shule si haba. Tunachosema ni kwamba bwawa la ukubwa huu halina faida kubwa ya kufidia makosa. Ukilipia zaidi ya inavyostahili, unalipa mavuno ya miaka. Na likivuja, umepoteza kila kitu kwa pamoja: maji, samaki na pesa.

Kazi ya jembe ni yako

Bwawa hilo lina ujazo wa karibu mita 45, yaani lita 45,000 ukilijaza hadi ukingoni. Udongo ukichimbuliwa huvimba, kwa hivyo jiandae kubeba kama wilbaro 900. Kibarua hodari kwenye udongo wa kawaida huchimba mita 2 hadi 3 za ujazo kwa siku. Ina maana vijana wanne watafanya kazi kwa karibu wiki nzima, kama hawatakutana na mawe.

Ni kazi ngumu, lakini haina siri. Ukichimba ndani kupita kiasi upande mmoja, unaona. Ukuta ukisimama wima mno, unaona, na unaulaza. Hakuna sababu ya kumlipa mtaalamu bei ya mtaalamu asimame pembeni akiwatazama vibarua wake wakichimba.

Sasa tuseme fundi amekupa bei ya jumla ya shilingi 90,000. Usikubali na usikatae. Mwambie aigawe. Kwa mfano tu, inaweza kuwa hivi: laina, yaani ile plastiki nzito ya kutandaza bwawani, 28,000, mabomba, wavu na vifaa vidogo 12,000, uchimbaji 20,000, ufundi wenyewe 30,000. Umeona? Uchimbaji peke yake ni sawa na mavuno mazima ya samaki. Familia ikichimba, au ukitafuta vibarua mwenyewe, hapo ndipo akiba ya kweli ilipo. Fundi akikataa kugawa bei yake, hiyo nayo ni habari kuhusu fundi.

Kuna sababu nyingine ya kushika jembe. Mwaka 2009 serikali ilianza mpango wa kufufua uchumi ambao ndani yake mabwawa ya samaki ya mita 300 za mraba yalichimbwa katika maeneo bunge 140, mabwawa 200 kwa kila eneo. Vijana walipata kibarua na wakulima walipewa vifaranga. Mpango huo uliwafundisha Wakenya wengi kufuga samaki, na wapo wanaovuna mpaka leo. Lakini mabwawa mengi pia yaliachwa yakakauka au yakamea nyasi baada ya msaada kuisha. Tunavyoona sisi, bwawa ulilochimbiwa bila wewe kuelewa maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi linabaki kuwa la mwingine, hata kama liko kwako. Aliyelichimba mwenyewe anajua kila kona yake.

Kazi ambayo kosa lake hujificha

Hapa ndipo tunapotofautiana na jirani. Kuna mambo manne ambayo tungemlipa fundi bila kunung'unika.

La kwanza ni udongo. Jaribio la mwanzo unaweza kulifanya mwenyewe. Chimba shimo la kimo cha kiuno, lijaze maji asubuhi. Jioni, kama maji yameshuka, lijaze tena na ulifunike kwa matawi. Kesho yake asubuhi, kama maji mengi bado yapo, udongo wako unashika. Kama yameisha, utahitaji laina. Lakini shimo moja halisemi habari za shamba zima. Udongo mwekundu wa miinuko ya Kiambu na Murang'a hunywa maji haraka. Ule mweusi wa tambarare kama za Kano hushika maji vizuri, kisha ukikauka hupasuka nyufa unazoweza kutia mkono. Mtu aliyechimba mabwawa eneo lenu atajua mambo ambayo jaribio la siku moja haliwezi kukuonyesha.

La pili ni levo. Jicho la binadamu hudanganywa na mteremko mdogo. Ukingo mmoja wa bwawa letu ukiwa chini kwa sentimita 15 tu, maji yatamwagikia hapo kabla ya kujaa, na utakuwa umepoteza nafasi ya lita zaidi ya 8,000. Fundi mzuri hupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akiujaza maji na kulinganisha vigingi kila upande. Ni kazi ya saa moja au mbili, lakini ndiyo inayoamua kama bwawa litajaa.

La tatu ni laina. Wengi hununua kwa kuangalia upana wa shimo: mita 10 kwa 6, basi mita 60 za mraba. Kumbe plastiki inashuka ukutani, inapita chini, inapanda upande wa pili, halafu inahitaji kama nusu mita kila upande ya kufukiwa ukingoni. Kwa bwawa letu ni karibu mita 12 kwa 8, yaani mita 96 za mraba. Njia ya hakika ni kulaza kamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, ifuate ukuta na sakafu, kisha uipime. Kamba hiyo hupimwa shimo likiwa limekamilika. Kwa hivyo usinunue laina kabla ya kumaliza kuchimba, hata muuzaji akikuambia bei inapanda kesho. Na kama unaweza, nunua kipande kimoja kisicho na kiungo. Viungo huunganishwa kwa mashine ya joto. Gundi ya kubahatisha itaachia wakati samaki wako wana gramu mia.

La nne ni njia ya kutokea maji. Mvua kubwa ikinyesha, bwawa lazima liwe na bomba la kupunguza maji, lenye wavu wa kuzuia samaki, na maji hayo yaende mahali salama. Yakienda kwenye msingi wa nyumba ya jirani, utajenga uadui utakaokugharimu kuliko bwawa.

Ukitaka jicho la pili, pita kwanza katika ofisi ya uvuvi ya kaunti yako. Maafisa wa uvuvi wapo kwa ajili ya kushauri wafugaji, na swali lako si dogo kwao. Pale Sagana, Kirinyaga, kuna kituo cha kitaifa cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa samaki.

Maji yatatoka wapi?

Hili halihusu jembe wala fundi, lakini lisipojibiwa mapema hayo mengine ni kazi bure. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa inakupa lita moja. Paa la mita 100 za mraba litahitaji mvua ya milimita 450 kujaza lita 45,000, tena bila hata tone kupotea. Katika sehemu nyingi za nchi hiyo ni mvua ya msimu mzima au zaidi. Ukitumia maji ya mfereji, yaache yakae siku kadhaa ili dawa ya klorini iishe kabla ya kuweka samaki. Ukitaka kuvuta maji ya mto, ulizia kwanza kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, maarufu kama WRA. Piga hesabu hii kabla hujamtumia mtu yeyote shilingi moja.

Mahali ambapo hatuna mjadala

Bwawa lililochimbwa chini, kwenye ardhi tambarare, likivuja linakutia hasara wewe. Bwawa lililojengwa kwa kuinua tuta kwenye mteremko, lenye nyumba za watu upande wa chini, ni jambo lingine kabisa. Mei 2018 bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka usiku kule Solai, Kaunti ya Nakuru, na watu zaidi ya 40 wakapoteza maisha. Lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko la nyuma ya nyumba, lakini maji yaliyozuiwa na tuta hufuata kanuni ile ile. Kama mpango wako una tuta na kuna mtu anayelala chini yake, usijaribu mwenyewe na usimpe fundi wa mtaani. Tafuta mhandisi, na ufuate vibali. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tuta la maji, huenda usipate nafasi ya kujenga.

La pili ni watoto. Maji ya mita moja yanatosha kumzamisha mtoto. Na laina ikilowa huteleza kiasi kwamba hata mtu mzima aliyetumbukia anaweza kushindwa kutoka. Zungushia uzio wenye mlango unaofungwa, na ufunge kamba nene zenye mafundo kila upande wa bwawa, zikining'inia hadi majini. Gharama hii iingie kwenye bajeti siku ya kwanza. Kama pesa haitoshi bwawa na uzio, basi punguza bwawa.

Mlipe fundi kwa hatua

Sasa tufike kwenye pesa, ambako ndiko kazi yetu ilipo. Mizozo mingi kati ya mwenye kazi na fundi huanza pesa ikitangulia kazi. Mtu ametuma zote mara moja, halafu simu ya fundi haipokelewi. Au fundi naye amefanya kazi safi, halafu mwenye boma anaanza kusema "ngoja mwisho wa mwezi". Malipo ya hatua humlinda kila mmoja wao.

Tukirudi kwenye mfano wetu wa ufundi wa shilingi 30,000, tungeugawa hivi:

- 6,000 akija kupima udongo na levo, na kupiga vigingi.
- 9,000 akirudi kukagua shimo mlilochimba na kusahihisha kuta.
- 9,000 laina na mabomba yakishawekwa mbele ya macho yako.
- 6,000 za mwisho baada ya maji kukaa siku 7.

Hizo siku 7 ndizo muhimu kuliko zote. Jua na upepo hupunguza maji ya bwawa zima kila siku, kwa hivyo kushuka kidogo si lazima kuwe kuvuja. Chukua ndoo, ijaze maji, iweke bwawani ikiwa imesimama imara, na uweke alama ya kina cha maji ndani ya ndoo na kwenye ukuta wa bwawa. Baada ya wiki linganisha. Kama bwawa limeshuka kuliko ndoo, linavuja, na zile 6,000 zinabaki kwako mpaka arekebishe. Kama yameshuka sawa, mlipe siku hiyo hiyo. Usimzungushe. Fundi anayelipwa kwa wakati ndiye atakayekuja haraka ukimwita tena.

Mambo mengine ya malipo ambayo tungependa uyashike:

- Vifaa nunua mwenyewe. Lipa dukani moja kwa moja kupitia namba ya Till ya duka, uchukue risiti. Fundi akupe orodha na vipimo, wewe ulipe. Hapo bei unaijua na unene wa laina unauona.
- Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalojitokeza liwe la mtu mliyekubaliana naye. Akisema "tuma kwa namba ya binamu yangu", simama kwanza. Ukikosea namba kuna utaratibu wa kuomba pesa irudishwe, lakini utaratibu huo haukuwekwa ili kuamua nani alifanya kazi mbaya.
- Andika hatua. Ukishatuma, mwandikie ujumbe mfupi: "Nimetuma 9,000 za hatua ya pili, kukagua shimo." Akijibu "nimepata", tayari mna kumbukumbu. Usifute ujumbe wa malipo mpaka bwawa limalize mwaka.
- Vibarua walipwe mmoja mmoja. Ukimtumia nyapara pesa ya wote, utasikia malalamiko jioni. Kila mmoja apate yake kwenye simu yake, kwa siku au kwa kipimo mlichokubaliana.
- PIN ni yako peke yako. Hakuna fundi, muuzaji wala mfanyakazi wetu anayeihitaji.

Utasema kutuma mara nne kuna ada mara nne. Ni kweli. Lakini linganisha ada hizo na 30,000 zilizokwenda zote siku ya kwanza.

Na mkopo je?

Tutasema hili ingawa mikopo ya simu ni sehemu ya biashara ya huduma kama zetu. Usichimbe bwawa kwa mkopo wa siku 30. Samaki wako watachukua miezi sita au zaidi kufika sokoni. Mkopo utadai mara kadhaa kabla samaki hata mmoja hajaingia kwenye sufuria. Afadhali uanze na bwawa dogo kwa akiba yako, au kwa pesa za chama zenye muda unaolingana na mavuno.

Kwa hivyo uamue vipi?

Kama unataka kibwawa cha mita 2 kwa 3 cha kujifunzia, kwenye tambarare, na laina ya kipande kimoja, jichimbie mwenyewe na ufuate vipimo vya juu. Hata ukikosea, hasara yake utaibeba, na somo utabaki nalo. Kama unataka bwawa la tuta, la mteremkoni, au la kujazwa kutoka mtoni, mlipe mtaalamu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa yale ya katikati, kama hili letu la mita 10 kwa 6, gawanya kazi: jembe lako, vipimo vyake, vifaa kwa Till ya duka.

Na kabla ya kumchagua fundi, mwombe akupeleke kwenye mabwawa mawili aliyojenga zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Bwawa la mwezi jana halijathibitisha chochote. Lile lililopita kiangazi kizima na bado lina maji, mwenyewe akiwa hapo kukuambia alilipa ngapi na fundi alirudi mara ngapi, litakupa jibu kuliko picha zote za kwenye simu. Ukiridhika, ndipo utume zile 6,000 za kwanza.